Twendapi? Nafsi ya Mwananchi katika Waraka na Diwani ya Abdilatif Abdalla

Imekuwa ada kwa wahakiki wa ushairi wa Kiswahili, kila waitajapo Sauti ya Dhiki, kuanza kwa kisa cha kifungo cha mtunzi wake. Husemwa kwamba Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika waraka wenye kichwa "Kenya: Twendapi?" mnamo Novemba 1968, kwamba alikamatwa Desemba mwaka huo, akashtakiwa kwa kosa la uchochezi na kufungwa miaka 3, kwamba humo gerezani, kwa siri, juu ya karatasi za chooni, alitunga mashairi ambayo Oxford University Press ya Nairobi iliyachapisha mwaka 1973. Yakisha kusemwa hayo, waraka huwekwa kando, na mhakiki huingia katika kazi aionayo kuwa ndiyo yake hasa: vina, mizani, jazanda, na fumbo la mamba. Waraka umekuwa kama kizingiti cha mlango. Kila mtu hukivuka, hapana asimamaye juu yake.

Makala haya yanakusudia kusimama juu ya kizingiti hicho kwa muda. Dai langu ni kwamba waraka ule si kisa tu cha maisha ya mtunzi, bali ni kazi ya lugha, tena kazi ambayo bila ya kuitia maanani hatuwezi kuielewa sawasawa diwani iliyoifuata. Katika waraka, mwananchi anasema na dola yake kwa nafsi ya wingi, waziwazi, kwa nathari. Katika diwani, mtu yule yule, baada ya kupita katika mikono ya sheria, anasema zaidi kwa nafsi ya umoja, na mara nyingi kwa fumbo. Mageuzi hayo hayakuletwa na sababu za kisanaa peke yake, wala haifai kuyahesabu kuwa ni kukua kwa msanii kutoka siasa hadi fasihi. Ni athari ya adhabu. Na sisi wahakiki, kwa kuianza hadithi katika diwani, tumeipokea athari hiyo kana kwamba ndiyo asili.

Yafaa kwanza tukumbuke ni jambo gani waraka ulikuwa ukilijibu. Mwaka 1966 Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais, akaongoza chama kipya cha Kenya People's Union. Mara ile katiba ikabadilishwa ili wabunge waliohama chama chao walazimike kurudi kwa wapiga kura. Mwaka huo huo sheria ya usalama wa umma ikabadilishwa pia, serikali ikapata uwezo wa kumweka mtu kizuizini pasipo kumfikisha mahakamani. Mwaka 1968 katiba ikabadilishwa tena, ikawa mtu hawezi kugombea kiti ila awe amedhaminiwa na chama. Kisha, mnamo Agosti 1968, katika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya, fomu za wagombea wa KPU wapatao 1,800 zilikataliwa kwa hoja kwamba hazikujazwa ipasavyo. Fomu za KANU zilikubaliwa, na wagombea wake wakapita bila ya kupingwa. Kijana aliyeyaandika maoni yake juu ya mambo hayo alikuwa na umri wa miaka 22, mtumishi wa Baraza la Manispaa la Mombasa na mfuasi wa chama hicho cha upinzani. Hakuwa wakili, wala mbunge, wala mwalimu wa chuo kikuu.

Hapa ndipo ugumu wa hali ya mwandishi unapoonekana, na ndipo panapostahili kutazamwa na mhakiki. Katika matukio hayo yote hapakuwa na hata moja lililofanywa nje ya utaratibu wa sheria. Katiba ilibadilishwa na Bunge. Fomu zilikataliwa na maafisa waliokuwa na mamlaka ya kuzikataa. Basi mwananchi aonaye kwamba amedhulumiwa aseme nini, ikiwa dhuluma yenyewe imekuja na muhuri? Hawezi kupiga kelele kwamba sheria imevunjwa, maana ataonyeshwa kifungu na ibara. Lugha ya mashtaka imekwisha kuchukuliwa na upande wa pili. Kilichombakia ni kuuliza habari ya njia: mambo haya, yakiwa yote ni halali, yanatufikisha wapi? Ndiyo maana ya kichwa cha waraka, na ndiyo maana nasema kwamba kichwa hicho hakikuchaguliwa kwa ajili ya mvuto tu.

Natuangalie umbo lake. Kiswahili Sanifu kingesema "Tunakwenda wapi?" Kimvita kinasema "Twendapi?", neno moja, ambamo kiulizi kimebanwa nyuma ya kitenzi, na alama ya wakati -a- imemezwa na irabu ya mzizi. Wakati huu wa -a- hauna haraka ya -na-. Wa pili husema juu ya tendo linalotendeka sasa hivi. Wa kwanza husema juu ya hali ilivyo, mwendo ulivyo. Anayeuliza kwa -na- aweza kujibiwa kwamba safari ndiyo kwanza inaanza, na tuvute subira. Anayeuliza kwa -a- ameshaitazama njia.

Lakini lenye uzito zaidi ni kiambishi cha nafsi. Mwandishi hakuuliza "Mwatupelekapi?" Swali hilo lingewezekana kabisa, na lingeeleweka na kila mtu wa Mombasa, bali lingewagawa watu mafungu mawili, ninyi mnaopeleka na sisi tunaopelekwa. Lingekuwa swali la abiria kwa nahodha. Badala yake aliandika tu-, kiambishi kinachowachukua wote waliomo chomboni, nahodha na baharia na abiria. Tena kabla ya swali ameitaja nchi kwa jina lake na kuweka nuktambili, kama mtu aitaye jina la nduguye kabla ya kumwuliza neno zito. Hakutaja chama, wala hakutaja mkubwa yeyote katika kichwa hicho. Aliyeitwa ni Kenya, na mwita yumo ndani ya aliyeitwa.

Hii tu- ndiyo iliyoshtakiwa. Sitaki kusema kwamba mwendesha mashtaka alijishughulisha na sarufi. Nasema tu kwamba sheria ya uchochezi, kwa jinsi ilivyokuwa imeandikwa, haikuwa na nafasi ya kiambishi hicho. Sheria hiyo ilikuwa katika Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vya 56 hadi 58, nayo ilirithiwa kutoka kwa ukoloni. Kwa maneno yake ilikuwa kosa kukusudia kuwatia watu chuki, au dharau, au kutoipenda, dhidi ya Rais au Serikali. Ni kweli kwamba sheria yenyewe iliweka mlango mdogo: mtu hakuwa na kosa kwa sababu tu ya kuonyesha kwamba Serikali imepotoka au imekosea katika hatua zake. Lakini mlango huo ulikuwa mwembamba, na funguo zake zilikuwa kwa mshtaki na hakimu. Dola inayozungumziwa humo ni kitu kilicho juu, chenye kustahili kupendwa. Raia yuko chini, naye hushtakiwa akiwapunguzia wenziwe mapenzi hayo. (Kwa mila zetu, mtawala hudai utii, na watu wakitaka humpa mapenzi. Sheria ya Waingereza katika makoloni yao ilidai yote mawili kwa pamoja.) Ndani ya mpangilio kama huo, mtu anayesema "sisi" akijichanganya na dola amekwisha kuukana mpaka ambao sheria imeuchora.

Tuna maneno mawili katika Kiswahili kwa mtu huyu, nayo hayalingani. Neno "raia" limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kuchunga. Raia ni wale wachungwao. Neno "mwananchi" halimtaji mchungaji hata kidogo. Siku hizi twayatumia yote mawili kama visawe, na kwa mazungumzo ya kawaida hapana ubaya. Lakini anayeusoma waraka wa 1968 pamoja na mashtaka yaliyofuata atayaona maneno hayo yamesimama yakitazamana: aliyeandika aliandika akiwa mwananchi, na aliyehukumiwa alihukumiwa akiwa raia.

Lenyewe neno "uchochezi", ambalo Kiswahili kililitoa ili kufasiri kosa hilo la Kiingereza, lastahili kuangaliwa. Kuchochea ni kusukuma kuni ndani zaidi ili moto uwake. Asiyekuwa na moto hana cha kuchochea. Neno lenyewe lakiri kwamba moto ulikuwapo kabla ya mchochezi kufika. Fauka ya hayo, watu wa pwani waliokuwa wakitumia taa za mafuta walikuwa wakichochea utambi, na hapo shabaha haikuwa kuunguza nyumba bali kuona. Kitenzi ni kimoja, makusudio ni mbalimbali. Mfasiri wa neno hili, awaye yote, alituachia neno lenye insafu kuliko sheria aliyokuwa akiifasiri. Mahakama haikulazimika kulitazama, kwa kuwa sheria iliyokuwa ikisomwa ni ya Kiingereza. Kosa lilifanywa kwa Kiswahili, likapimwa kwa Kiingereza. Abdilatif alihukumiwa, na adhabu ya kwanza ilipoonekana na upande wa Serikali kuwa ni ndogo, rufani ikakatwa, ikawa miaka 3.

Sasa tuje katika suala la nasaba ya waraka huu, kwani hapa pia nadhani tumekuwa na mazoea mabaya. Kwa kuwa Abdilatif ni mshairi wa Mvita, na kwa kuwa nduguye ni Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtunzi wa Malenga wa Mvita, wahakiki humpeleka moja kwa moja kwa Muyaka bin Haji. Husema kwamba Muyaka naye alitunga juu ya siasa, kwamba aliwatetea Mazrui dhidi ya Seyyid Said, na kwamba alijibizana na Zahidi Mngumi wa Lamu. Hayo ni kweli. Lakini tukiyaangalia vizuri mashairi yale ya vita, twaona kwamba Muyaka alikuwa mdomo wa mji wake dhidi ya mji mwingine. Alisema na adui, au aliwahimiza watu wake juu ya adui. Kuiambia serikali ya mji wako mwenyewe, iliyowekwa kwa kura yako mwenyewe, kwamba imekwenda kombo, ni tendo jingine la lugha, na halina mfano wa karibu katika mashairi yale.

Mfano wa karibu, kwa maoni yangu, uko katika nathari. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa mjini Mombasa magazeti mawili madogo, Sahifa kisha Al-Islah, na baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, kilichochapishwa mwaka 1944. Humo mna sauti tunayoitafuta: makala fupi, ya nathari, ya Kiswahili cha Mombasa, yenye kuwaambia watu wa pwani habari ya hali yao bila ya kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sheikh alihuzunishwa na ujinga, na uvivu, na kuiga mambo ya wageni pasipo kupambanua. Naye aliwakemea watu wake akiwa mmoja wao. Shabaha yake ilikuwa dini na jamii zaidi kuliko uchaguzi, nayo mamlaka ya elimu aliyokuwa nayo hayawezi kulinganishwa na ya mtumishi kijana wa manispaa. Hata hivyo, umbo ni lile lile: karatasi ndogo, nafsi ya wingi, swali la mwendo. Iwapo tutafundisha historia ya nathari ya Kiswahili nchini Kenya kwa kuanza na riwaya peke yake, tutakuwa tumeuacha nje mkondo huu wote, na waraka wa 1968 utaonekana kama mtoto aliyeokotwa njiani.

Tunapofika katika diwani, jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba yule "sisi" amepungua. Sisemi ametoweka, kwani liko shairi la "Zindukani", ambalo kwa kichwa chake tu lawaelekea watu wengi. Lakini hata hapo tendo ni la amri kwa nafsi ya pili, ninyi amkeni, si sisi tuulizane. Vichwa vinavyokumbukwa zaidi ni vya nafsi ya kwanza umoja: "Siwati", "N'shishiyelo ni Lilo". Na jina la kitabu chenyewe halina mtu. Mwenye sauti humo ni dhiki.

Natukae kidogo na "N'shishiyelo ni Lilo", kwa kuwa humo umo ustadi ambao msomaji wa Kiswahili Sanifu aweza kuupita bila ya kuuona. Umbo la "-shishiye" ni timilifu ya kale ya kitenzi "shika", iliyohifadhiwa katika lahaja za kaskazini. Timilifu hiyo haimaanishi kwamba tendo limefanyika likaisha. Hutaja hali iliyotokana na tendo na ambayo ingaliko. Aliyeshika angali ameshika. Mfungwa wa kisiasa hutakiwa ajutie, yaani alitazame tendo lake kama jambo lililopita, alitenge na nafsi yake, aseme nilifanya na sasa sifanyi. Sarufi ya kichwa hiki yakataa mgawanyo huo. Tena yule -lo, ambaye hurudi katika "lilo", ni kirejeshi kisicho na nomino. Kitu kilichoshikwa hakikutajwa. Mwanafunzi akiulizwa, atasema kwamba kinachokusudiwa ni "neno" au "jambo", na atakuwa amesema kweli. Lakini mtunzi ametuachia sisi tuliseme. Gerezani, ambako kila kijikaratasi chaweza kupekuliwa, ngeli imefanya kazi ya kuficha.

Ndipo nasema kwamba lahaja katika diwani hii si pambo la kienyeji. Kiswahili Sanifu kilijengwa kuanzia mwaka 1930 na kamati ya lugha ya serikali za kikoloni, juu ya msingi wa Kiunguja. Ndicho kilichokuwa Kiswahili cha shule na cha matangazo ya serikali. Wakati wa kutolewa kwa kitabu hiki palikuwa na watu Mombasa, akiwamo marehemu Shihabuddin Chiraghdin aliyeandika utangulizi wake, waliokuwa wakikitetea Kimvita kwa nguvu zote. Wako waliowaona kuwa wanang'ang'ania ukabila wa lugha. Mimi naona kwamba, katika kazi hii walau, kuandika kwa Kimvita ni sehemu ya maoni ya mwananchi juu ya dola: hata namna ya kutamka jibu hakuichukua kwa aliyemfunga.

"Kuno Kunena" ni shairi ambalo ndani yake sheria ya uchochezi inasikika kwa karibu zaidi kuliko penginepo. Mtunzi auliza kwa nini kusema kwake ndiko kulikomfungia mlango. Na sauti za k na n hurudiarudia mpaka msomaji wa kwa sauti ajikute ulimi wake unagonga pale pale, kama mtu agongaye komeo. Hapa hapana fumbo hata kidogo. Jambo ni wazi: nilinena, nikafungwa, na ningali nauliza kosa la kunena ni lipi. Ajabu ni kwamba wahakiki wengi hulisifu shairi hili kwa uchezaji wa sauti, wakaishia hapo, kana kwamba mtu aliyekuwa akigonga mlango alikuwa akipiga ngoma.

Kuhusu "Mamba", "Jipu" na "Telezi" nitasema machache, kwa kuwa yamekwisha kuandikwa mengi. Ni mashairi mazuri, na "Telezi" hasa, lenye mvua yake na ardhi isiyoshika mguu, ni zuri mno. Lakini tusijidanganye juu ya nguvu ya fumbo kisiasa. Fumbo la mamba lina sifa moja ambayo ni kasoro pia: kila mtu aweza kulikubali. Mtawala naye atalisoma akamwona mamba kuwa ni mtawala wa nchi jirani, au mkoloni, au ulimwengu. Jipu ni uovu, nani autetee uovu? Waraka haukuwa na anasa hiyo. Uliingia katika mambo ya mwaka wake na nchi yake. Ndiyo maana sheria ilijua la kufanya na waraka, na haikujua la kufanya na diwani. Au, kwa usahihi zaidi, ilijua, ikaitunza. Mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ilipewa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Tuzo hiyo ilikuwa na jina la Rais ambaye katika utawala wake mtunzi alifungwa, na mshindi mwenyewe alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, katika chuo cha uchunguzi wa Kiswahili, tangu alipotoka gerezani mwaka 1972. Siwalaumu waamuzi, walichagua kitabu kilichostahili, na huenda walihitaji ujasiri kukichagua. Nasema tu kwamba tendo la kumfunga mtu kwa nathari yake na kumtuza kwa ushairi wake lina hukumu ya kifasihi ndani yake, na hukumu hiyo tumeirithi bila ya kuikatia rufani.

Katika diwani nzima shairi ambalo, kwa maoni yangu, laukaribia waraka kwa moyo wake ni "Mnazi: Vuta N'kuvute", lile la ndugu wawili, Badi na Alii, wanaogombea mnazi. Wamo mamboni wote wawili, wanajibizana, kila mmoja ana hoja, na kinachobishaniwa ni urithi. Ni fumbo, naam. Lakini ni fumbo lenye watu wawili wanaosikilizana, hata kama hawakubaliani. Hakuna mnyama humo wala maradhi. Aliye na mnazi na anayeudai wanaitana ndugu. Mahakama ilikuwa na mshtaki na mshtakiwa. Bunge baada ya Oktoba 1969, KPU ilipopigwa marufuku, lilibaki na upande mmoja. Mjadala ambao nchi haikuufanya mwananchi aliufanya peke yake, mle chumbani mwake gerezani, akajitolea sauti zote mbili. Hapo fani ya kale ya kujibizana, ambayo Mombasa inaijua tangu zama za Muyaka, imetumiwa kwa haja mpya kabisa. Kama ningelazimishwa kuchagua shairi moja la kufundisha pamoja na waraka, ningelichukua hili, na mamba ningemwacha mtoni.

Najua hoja zitakazoletwa juu ya maoni haya. Ya kwanza ni kwamba waraka ni maandishi ya chama, yaliyotungwa kwa ajili ya ugomvi wa siku chache, na kwamba fasihi hudumu. Sikatai kwamba uliandikwa kwa upande mmoja. Mwandishi wake hakujidai kuwa mwamuzi. Lakini mashairi ya vita ya Muyaka nayo ni ya upande mmoja, nasi twayasoma miaka 200 baadaye. Kudumu hakukuletwa na kutokuwa na upande. Hoja ya pili ina nguvu zaidi: kwamba sanaa ya diwani ni ya juu kuliko ya waraka, na mwalimu wa fasihi ana wajibu wa kufundisha kilicho bora. Kwa hili nakubali nusu. Mwenye kuulinganisha waraka na "Telezi" kwa kipimo cha ushairi atakuwa amewaonea wote wawili. Lakini hicho ndicho kipimo pekee tulichojitengenezea. Tuna istilahi tele za kuchambua kina na mizani, na migogoro yetu ya miaka ya 1970 juu ya mashairi huru ilituongezea nyingine; hatuna hata sura moja ya kuchambua jinsi mtu wa kawaida anavyojenga hoja kwa Kiswahili mbele ya mwenye nguvu: anavyochagua nafsi, anavyotaja au kuacha kutaja jina, anavyopanga ushahidi, anavyouliza badala ya kushtaki. Barua za wasomaji magazetini, nyaraka, hotuba za mikutano ya hadhara, maombi ya vijiji kwa wakuu wa wilaya, yote hayo ni nathari, na sehemu kubwa yake imeliwa na mchwa.

Hoja ya tatu ilikuwa ya kweli kwa muda mrefu: waraka haukupatikana. Kwa miongo kadhaa mtu aliweza kuufundisha ushairi wa Abdilatif maisha yake yote bila ya kuutia machoni. Hoja hiyo ilikwisha mwaka 2016, pale waraka ulipochapishwa upya katika kitabu juu ya mtunzi huyu kilichohaririwa na Rose Marie Beck na Kai Kresse, na kutolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Kadhalika vifungu vya uchochezi viliondolewa katika Kanuni ya Adhabu mwaka 1997, ingawa ndugu zake hawakuondoka siku ile ile. Kifungu cha 132, kilichomfanya mtu kuwa mkosaji kwa kudhoofisha mamlaka ya mtumishi wa umma, kiliishi mpaka Mahakama Kuu ilipokibatilisha mwaka 2017, baada ya mwananchi kushtakiwa kwa maneno aliyoyaandika juu ya Rais.

Alamin Mazrui, aliyewekwa kizuizini mwaka 1982 baada ya kuandika Kilio cha Haki, alitoa naye diwani ya gerezani, Chembe cha Moyo, mwaka 1988. Katika kesi hiyo tulifanya haki kidogo, kwa kuwa kazi iliyomtangulia kizuizini ilikuwa tamthilia, na tamthilia twaihesabu kuwa fasihi. Basi twazisoma zote mbili, na wanafunzi wetu huulizwa juu ya uhusiano wao. Lau Abdilatif angalikamatwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza, swali hili lisingalihitaji makala.

Mara kwa mara nimewauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu, baada ya kusoma diwani, ni jambo gani hasa aliloliandika mtunzi hata akafungwa. Wengi hujibu kwamba aliipinga serikali. Nikiwauliza aliipinga kwa kusema nini, hunyamaza. Wanajua idadi ya mizani katika kila mshororo wa dhiki yake, lakini maoni yenyewe hawayajui, wala hawajui kwamba yalikuwa swali. Katika mtaala wa ushairi tumempa nafasi pana na inayomstahili. Katika mtaala wa nathari, ambamo mna riwaya, hadithi fupi na insha, sijaona mahali ambapo jina lake limeandikwa.